Nyuzi Nilizolegeza Jumamosi

Kianda, Kibera

Baba,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na kile kifua hakijaanza tena na mvua. Mama je, mguu umepoa? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechacha, na nitakuambia sababu, maana wewe umo ndani yake.

Unajua kila Jumapili mimi hutoka hapa kwa miguu hadi Kawangware kupiga gitaa kanisani. Kwenye kazi ya mjengo naitwa "wewe wa koleo". Kanisani naitwa Wycliffe. Nairobi nzima ni pale tu watu walinijua kwa jina, na sasa pamenitoka mkononi.

Kanisa lilipata gitaa jipya la stima. Hilo si kama lako. Daraja lake, pale nyuzi zinapokaa, halijagundishwa, linaelea. Nyuzi zinalivuta mbele, na springi zilizofichwa mgongoni zinalivuta nyuma, hadi litulie katikati. Mimi sikujua. Jumamosi baada ya mazoezi nikafanya vile ulivyonizoesha: nikalegeza nyuzi zote sita, nikalitundika gitaa, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika kabisa.

Jumapili watu walikuwa wameshasimama ndipo nikaanza kukaza. Nikauweka sawa ule uzi mnene, nikaenda kwa wa pili. Kurudi kwa ule mnene, umeshuka. Nikaupandisha, wa pili nao ukashuka. Jasho likanitoka. Nikakaza kwa hasira hadi uzi mwembamba ukakatika, na tano zilizobaki zikapanda juu zote kwa pamoja. Hapo mtu mmoja akacheka.

Kiongozi wa kwaya, mama mmoja asiyependa mchezo, akaniinamia. "Wycliffe, ni nini hii? Watu wanangoja."

"Inakataa, Mum."

"Basi wachana nayo. Kevo, toka kwa ngoma, kuja ushike ile gitaa ya zamani."

Kevo alipiga vizuri. Ningependa kukuambia alipiga vibaya, lakini nitakuwa mwongo.

Wiki ile niliomba ufunguo wa kanisa, nikafungua mgongo wa gitaa, ndipo nikaziona zile springi. Nilichomeka kipande cha mbao daraja lisiyumbe, nikafunga uzi mpya mahali pa ule uliokatika, nikaziweka nyuzi sawa moja moja, halafu nikakaza skrubu mbili zinazoshika springi, kidogo kidogo, hadi mbao ikadondoka yenyewe na daraja likabaki limelala sawa. Kumbe ni kazi ndogo tu! Lakini nafasi ilikuwa imeshakaliwa. Siku hizi naitwa fundi. Mimi natengeneza, Kevo anapiga, nami nakaa benchi la nyuma na kusikia jinsi lilivyo sawasawa. Inauma, Baba.

Unakumbuka siku niliyoacha gitaa lako limekazwa? Ulinizaba kofi. Nikauliza kwa nini, ukaniongezea la pili. Sheria ulinipa, sababu ukabaki nayo, nami nikaibeba sheria hiyo hadi huku kama mzigo wa mtu mwingine.

Juzi nilimwambia Kevo asithubutu kulegeza nyuzi zote kwa wakati mmoja.

Akauliza, "Kwani nikilegeza zote itakuwa aje, fundi?"

Nilikuwa na jibu. Ni maneno machache tu. Lakini nikasikia mdomo wangu ukisema, "Wewe fanya vile nimekuambia." Sauti ilikuwa yako, Baba, hata kile kikohozi cha mwisho.

Nisalimie Mama, umwambie asikanyage shamba kabla mguu haujapona. Msalimie dada yangu Rose na mumewe, na shangazi wa ng'ambo ya mto, ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii kwa sauti kubwa.

Kevo bado sijamweleza. Anza wewe: kwa nini tulikuwa tunalegeza?

Ni mimi mwanao,
Wycliffe