Mtungi Mzito wa Mama Sisimizi

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, lakini kabla hujanisaidia acha nikuambie binti yangu ni nani, maana usipomjua hutanielewa. Ni kitinda mimba wangu, anaoka mikate kiwandani, mfupi kama mimi, na kwenye ule mchezo wa kulengana vidonge vya rangi hakuna wa kumfikia, anatambaa kwa tumbo nyuma ya matairi mpaka wenzake wamempa jina Sisimizi, mara ya mwisho, walipocheza na timu ya wafua nguo wa hospitali, aliwapaka rangi watano peke yake, na mimi nilikuwa nje ya wavu napiga vigelegele mpaka refa akaniambia, "Mama, unawaonyesha alipojificha."

Sasa timu yao ya kiwandani imeingia fainali mwisho wa mwezi, nami nikasema mwanangu hataazima tena mtungi wa hewa, ule unaofungwa nyuma ya bunduki kusukuma vidonge, nitamnunulia wake. Dukani muuzaji akanionyesha mmoja mweusi wa nyuzi za kaboni, nikaunyanyua, mwepesi kama kopo tupu. Nikanyanyua mwingine wa chuma, mkono ukashuka wenyewe. Nikasema huu ndio.

"Mama, wachezaji wengi wanapenda huo mwepesi."

"Dada, mimi nimebadilisha mitungi ya gesi kabla hujaota meno. Mzito ndio uliojaa."

Nikarudi nao begani mtaa mzima ukiona, na ambaye hakuuliza nilimwambia vilevile.

Basi Jumapili kwenye mazoezi akapigwa rangi kifuani dakika ya kwanza, anajivuta kama kobe. Nikamuuliza, akacheka, "Mtungi mzuri sana, mama, niliteleza tu." Lakini baadaye nikamsikia jikoni akimwambia kaka yake, "Unanivuta mkono, ila nitaubeba hivyo hivyo. Nikiurudisha, mama ataumia." Mshauri, nilisimama mlangoni na sahani mkononi, nikaona raha na aibu kwa pamoja. Muuzaji alisema naweza kuubadilisha kabla mwezi haujaisha, lakini nikipita tena mtaani na mtungi nitasema nini? Au nimwongezee tu chakula apate nguvu?

Mama Sisimizi

Mama Sisimizi,

Hongera kwa uzazi, pole kwa ununuzi. Nimekucheka, sikufichi. Gesi ya kupikia hukaa kama maji ndani ya mtungi, ndiyo maana uzito wake unakuambia kitu. Hewa haina uzito wa kujivunia. Ulichokiinua dukani ni chuma, na chuma hicho ndicho mtoto anachokiburuta. Yule dada alikuambia kwa adabu, wewe ukamtolea umri. Kamwombe radhi.

Chakula acha. Akinenepa atalengwa kirahisi.

Leo hii mwambie binti yako kwamba ulimsikia. Usizunguke. Kisha nendeni dukani wote wawili, na bunduki yake, aufunge ule wa kaboni, auegemeze begani, apige magoti, hata atambae hapo hapo wateja wakitazama. Wewe nyamaza, mkono wake ndio uchague. Muulizeni muuzaji kama kichwa cha mtungi kinatoa msukumo unaoifaa bunduki hiyo. Tazameni tarehe ya kupimwa iliyoandikwa ubavuni, na kama muda umepita msiuchukue hata ukiwa unang'aa vipi. Waulizeni na wa uwanjani kama mashine yao inaweza kuujaza mpaka mwisho, la sivyo mtabeba nusu. Na nakujua wewe: usije ukaupeleka kwa fundi wa matairi. Hewa hiyo ina nguvu ya kumvunja mtu mbavu. Ijazwe na wanaoijua.

Mtaani wakikuuliza, sema ulikosea. Maneno unayo mengi, hilo moja halitakushinda. Kisha wape na lile la jikoni, kwamba una mtoto aliyekuwa radhi kukosa kombe kuliko kukuumiza. Hapo jisifu mpaka wafunge madirisha.

Lakini dukani kwanza.