Foleni ya Kumwona Mume Wangu

Jumamosi, 1 Februari 2025

Harmen kachelewa tena. Matengenezo ya bure pale ukumbi wa mtaa, anakojitolea ufundi, yanaisha saa kumi. Yeye kaingia saa kumi na mbili kasoro robo, mashavu mekundu kwa baridi, anapiga mluzi. Mluzi! Supu ya njegere nimeipasha mara mbili.

Kanieleza mwenyewe, sikumwuliza. Kuna mama mmoja, Roelien, mjane. Kaja na laptopu ya marehemu mumewe, kuukuu, inachukua robo saa kuwaka. Harmen kaifuta yote, kaiwekea mfumo mwepesi, ile Linux yake, na sasa inawaka kabla hujamaliza kuvua koti. Mama wa watu kalia machozi. Kakaa naye saa mbili na nusu.

Saa mbili na nusu! Laptopu yangu iko juu ya kabati la vyombo tangu Novemba. "Weka hapo, nitaitazama." Mganga hajigangi, sawa. Lakini hata mkewe?

Jumatatu, 3 Februari

Nimemkumbusha. Hakuinua macho gazetini. Kesho, kasema. Nikamwambia basi nikae nawe ukiifanya, nami nijifunze. Kacheka. Eti mambo hayo yatanichosha.

Roelien hayakumchosha.

Jumamosi, 15 Februari

Harmen kasahau miwani. Niliiona mezani saa tatu asubuhi. Nimempelekea saa nane mchana, ukumbi ukiwa umejaa. Najijua.

Na Roelien yupo! Safari hii kaleta laptopu ya dada yake. Nywele fupi za mvi, skafu ya njano, vidole vizuri. Sheria ya pale ni kwamba mwenye kitu akae na fundi, ashike bisibisi mwenyewe. Basi wamekaa, vichwa karibu vigusane, flashi imechomekwa, na Harmen anamhimiza abonye kitufe mashine ikiwaka tu: "Bonya sasa! Sasa! Aa, umechelewa mama, tuanze upya." Wakacheka wote wawili. Mimi miaka thelathini na moja ya ndoa nikichelewa kitu hununiwa.

Shoga yangu Fokje yuko kwenye meza ya kahawa kama kawaida, anawagawia watu. Kaniona ninavyoangalia.

"Shoga, mumeo siku hizi daktari wa wajane. Foleni mpaka mlangoni."

"Na dawa anayotoa?"

"Maneno matamu na biskuti moja."

Nikacheka. Roho inaniuma.

Harmen kapokea miwani. Hakusema huyu ni mke wangu. Kasema asante, weka hapo.

Jumatano, 19 Februari

Naona wivu. Haya, nimeliandika.

Sidhani kama kuna jambo kati yao. Harmen hupanda kitandani saa nne na soksi zake. Lingekuwapo jambo, ningejua la kufanya: ningevunja sahani. Ninachokionea wivu ni kile kiti. Mtu akukalie karibu, akuulize shida yako ni nini, kisha asubiri jibu. Hicho tu. Nakitaka kiti kile mpaka usingizi unaniruka.

Jumanne, 25 Februari

Nimepiga simu ukumbini. Kapokea Fokje. Nikasema nataka nafasi ya Jumamosi, kifaa laptopu, jina Wiersema.

Kauliza: Aleida, hilo si jina la baba yako?

Ndilo.

"Unapanga foleni ya mumeo mwenyewe?"

Kacheka mpaka kakohoa. Kaniandika namba saba, fundi wa laptopu, saa saba na nusu. Kaapa hatasema. Simwamini, lakini ndiye niliye naye.

Laptopu ina vumbi la kuandikia jina kwa kidole. Sitaipangusa. Alione.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika nikiwa chooni, palepale ukumbini. Nimejifungia. Daftari liko gotini, sijui hata kama nitausoma mwandiko huu.

Nianze mwanzo. Nilikaa na watu wenye pasi na redio zao mpaka ikaitwa namba saba. Aliyeita hakuwa Harmen. Roelien! Na aproni ya mafundi, na kadi ya jina kifuani. Kumbe naye kashakuwa fundi, na hakuna aliyeniambia. Nusura nirudi nyumbani.

Kasoma fomu yangu. Jina, kifaa. Kwenye tatizo nilikuwa nimeandika: Nzito. Imewekwa juu ya kabati tangu Novemba, hakuna anayeigusa. Kaniangalia, kanikumbuka, yule wa miwani. Kaangalia lile vumbi.

"Dada, wewe hukunijia mimi," kasema taratibu. Kainuka, kaenda kumwita Harmen, kampa fomu mkononi.

Harmen huzisoma fomu kwa sauti. Kafika kwenye Novemba, akaishusha fomu. Masikio yakawa kama nyanya.

"Leida..."

"Bi. Wiersema," nikamwambia. "Nimepanga foleni kama wenzangu."

Fokje kule kwenye kahawa kaangusha kijiko. Harmen kavuta kiti, kakaa. Kisha, Mungu wangu, kaniuliza: "Haya, Bi. Wiersema, shida yako ni nini?" Na akasubiri!

Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Nikasema haiwaki vizuri.

Nusu saa tulikaa. Kanipa bisibisi, nikafungua mfuniko mwenyewe, tukapuliza vumbi. Kaniuliza picha za watoto nimezihifadhi wapi kabla hatujafuta. Nikabonya mwenyewe "futa vyote". Kitufe sikuchelewa hata mara moja. Asilimia kumi, ishirini, arobaini, bega lake kwenye bega langu. Nilifurahi. Naandika waziwazi, nilifurahi kama msichana.

Kisha ikaja keki. Ya tufaha, kaileta Roelien, maana leo ni siku yake ya kuzaliwa. Mzee mmoja mwenye redio kampa Roelien mkono, hongera. Kisha kamgeukia Harmen, naye kampa mkono: "Hongera kwa siku ya Roelien!" Vile hapa kwetu tunavyompongeza mume wa mwenye siku! Na Harmen? Harmen kasema asante.

Asante!

Nikabeba mkoba nikaja huku.

Na huku nako, ukikaa tu, kalenda ya siku za kuzaliwa iko mbele ya pua, kama ilivyo desturi yetu katika choo cha kila nyumba. Majina ya mafundi na watu wa hapa. Kila mtu kajiandika mwenyewe, Fokje kwa wino wa kijani. Tarehe mosi Machi: ROELIEN. Kwa herufi kubwa za Harmen! Miaka arobaini ya kuchora ramani, mwandiko wake naujua hata gizani. Nyumbani hajawahi kuandika hata siku ya mama yake mzazi. Anayeandika ni mimi, anayenunua kadi ni mimi.

Nikafunua. Aprili. Mei. Sijui nilikuwa natafuta nini, mimi si fundi hapa. Julai, Agosti. Septemba.

ALEIDA. Herufi zilezile, na kapiga mstari chini, mara mbili. Tarehe tisa.

Nimezaliwa tarehe sita.

Nimecheka peke yangu, kisha nimelia, kisha sijui. Kaniandika. Hakuna aliyemwambia aniandike, na kaniandika! Na miaka yote hiyo keki ya tarehe sita anakula vipande vitatu. Tarehe ya Roelien kaipatia.

Sasa Harmen anagonga mlango.

"Leida? Laptopu imemaliza. Inauliza jina la mwenyewe. Nikuandikie?"

Usiandike kitu, nimemwambia.

Nikadhani keshaondoka, lakini viatu vyake naviona chini ya mlango.

"Basi nakusubiri," anasema.