Sufuria Kwenye Jiwe la Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kwa masikitiko makubwa nalitangazia taifa zima la Uskoti kwamba sufuria imepigwa marufuku makaburini kijijini kwetu Findochty, na aliyeipiga marufuku ni dada yangu Isobel, anayeishi Edinburgh. Baba yetu, Alexander Flett, mvuvi, tulimzika majira ya baridi, na mchonga mawe anangoja tumwambie aandike nini, nami mzee mzima na kitambi changu naogopa kupokea simu ya dada. Unajua sisi kina Flett tulivyo, mababu walitoka visiwa vya Orkney wakazaana pwani hii yote, wengine wakafuata biashara ya manyoya mpaka Kanada wakazaana huko nako, basi hapa ukiita "Alexander Flett" inageuka nusu ya kijiji, ndiyo maana kila mlango una lakabu yake, na yetu ni Sufuria, kwa kuwa babu alijifunika sufuria kichwani mvua ya mawe ilipomkuta baharini. Isobel anasema, "Baba hakuwa chombo cha jikoni, Sandy." Mama, ambaye macho yake yamefifia, anasema, "Andikeni Alexander Flett tupu, halafu mniambie namwekea maua mume wa nani." Nifanyeje?

Sandy Flett

Bwana Sandy, pole kwa msiba, lakini mbona umemwacha mjane abishane peke yake? Flett ni jina la umma; lakabu ndiyo inayomtenga baba yako na marehemu wenzake. Isobel anaona haya mbele ya watu wa Edinburgh, ambao hawatakuja kulitazama hilo jiwe hata siku moja. Acha kuikimbia simu. Mpeleke dada yako makaburini pamoja na mama, umwambie amtafute babu yake. Kisha mwenye mume aamue, nawe umwone mchonga mawe siku hiyohiyo. Herufi ziwe kubwa.

Mshauri, nakueleza ilivyokuwa, bila chumvi. Isobel alimpata babu upesi, kwa lakabu iliyochongwa kwenye jiwe lake, na bado akasema ni jina baya.

"Ni baya kweli," mama akamjibu. "Nimeishi nalo tangu niolewe. Sasa wewe unataka nije nilazwe na Flett yupi?"

Isobel akacheka, akalia, akaondoka bila kunywa chai. Jiwe limesimama, na Sufuria juu yake. Jumapili mama aliniamuru nibaki langoni, akaingia peke yake na maua yake. Alipita kaburi la Flett mmoja, la wa pili, la wa tatu, akigusa herufi kwa vidole, kisha akapiga magoti. Alikuwa kwa baba.