Shemeji Anasema Nilikaribishwa

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada kabla sijafanya jambo la kunifukuzisha kazi. Mimi ni fundi wa majokofu, yale makubwa ya kuhifadhia dawa hospitalini, na mhasibu wa kampuni yetu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye ndiye aliyenitafutia hii kazi na hakuna siku ananiacha nisahau. Majuzi mimi na dereva tulitumwa hospitali ya mbali, tukalala huko, chakula tukanunua wenyewe mgahawani nje ya geti, risiti nikazitunza kama cheti cha ndoa ili kampuni iturudishie. Kurudi nikaandika ripoti ya kazi, na mwishoni, kwa adabu tu, nikaongeza: "Wenyeji walitukaribisha vizuri sana." Basi! Shemeji akafuta hela yote ya chakula. Nikamfuata ofisini.

"Shemeji, mbona chakula hakipo?"

"Si mlikaribishwa? Umeandika mwenyewe."

"Tulikaribishwa viti!"

"Viti gani vya vizuri sana? Mmekula kwa watu, sasa mnataka kula na kwetu."

Mshauri, damu ilinichemka, nikamwita mchoyo mbele ya makarani wote, nikamwambia hata nyumbani kwake tukienda tunarudi na njaa, dereva akaangua kicheko, na hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa. Sasa ameandika barua kwamba nilidanganya kuhusu chakula, anataka nitie sahihi, nikikataa safari zote anapewa fundi mwingine, na bila safari mimi sina kazi, majokofu hayaji ofisini! Mke wangu analia, "Baba nanii, tia tu sahihi, yule ni kaka yangu, yaishe." Yaishe vipi? Nijiite mwongo kwa mkono wangu mwenyewe? Nitie sahihi au niache kazi?

Fundi Majokofu

*

Fundi, pole, halafu tulia unisikilize.

Sahihi usitie. Kesho jokofu likizimika dawa zikaharibika, nawe useme ulilikagua likawa zima, nani atakuamini wakati kuna barua yako mwenyewe inasema wewe ulidanganya kwenye ripoti? Huyo shemeji anacheza na riziki yako kwa neno moja, na mimi limenikera kuliko unavyofikiri. Mtu kukaribishwa ndiyo kushibishwa? Angepiga simu hospitali akauliza, angemaliza kazi kabla chai yake haijapoa.

Lakini na wewe mdomo wako! Chakula cha nyumbani kwake kiliingiaje ofisini? Pale ulimvua nguo mkeo pia, maana yule ni nduguye. Kwa hilo omba radhi, tena mbele ya makarani walewale, na useme wazi unaomba radhi kwa lile tusi tu, si kwa chakula.

Kuacha kazi sahau. Mchukue dereva na risiti zenu, nendeni kwa meneja, mpigieni simu mwenyeji wenu wa hospitali mbele yake, sauti ikiwa wazi, mumuulize kama aliwalisha. Kisha ile barua ichanwe ukiona.

Mkeo mwambie leo, kwa upole: "Mama, kaka yako nitamheshimu mpaka kufa, ila uongo wake siutii sahihi." Akilia, mwache alie, mshike mkono. Kalamu usiishike.