Katibu na Chungu cha Suluhu

Jumamosi, 1975

Kinyaa bado kimenikaa kooni. Kwetu ugomvi hauishi mpaka wagombanao wanywe chungu kimoja. Katibu wa kijiji ameinyonya pombe yote, tena kwa mrija wangu, kabla Marwa, jirani niliyegombana naye, hajafika! Mate yakamtiririka kidevuni, akacheua.

Waingereza wana neno "guzzle", kunywa kwa pupa bila kupumua. Husemwa kwa walevi, na kwa magari yanayokula mafuta mengi. Padri alinieleza kwamba huenda limetoka kwenye neno la Wafaransa lenye maana ya koo.

Marwa alipofika akachungulia chungu. "Sasa mzee, tupatane kwa machicha?"

Nikamfundisha lile neno. Akamgeukia katibu, "Shikamoo, Guzzle!"

Tukacheka pamoja, mara ya kwanza tangu tuhamishiwe hapa kijijini. Lakini ule mrija nimeuchoma.