Alhamisi Zako za Keko

Mama yetu mpendwa, Auleria Kokushubila,

Leo umetimia mwaka tangu presha ikuangushe jikoni ukipanga vyombo, ukatutoka kabla hatujapata gari la kukupeleka hospitali. Bado tunakuuliza maswali. Hata ulipokuwepo hukuwa mwepesi wa kujibu.

Ulikuwa nesi kwa miaka thelathini na moja. Ulipostaafu tulidhani utatulia hapa Madale na mchicha wako na kwaya ya akina mama. Lakini kila Alhamisi uliondoka asubuhi na mfuko wenye beseni dogo, taulo na kikata kucha, ukarudi jioni umechoka na umechangamka. Baba alidhani ni mambo ya jumuiya. Mwanao Didas alidhani unamfulia mgonjwa. Mjukuu wako Blessing ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Bibi, beseni la nini?"

"La maji," ukamjibu, ukaendelea kufunga viatu.

Siku ya tano baada ya kukuzika alikuja binti mmoja amejitanda mtandio wa kijani. Alisimama getini akitazama turubai na viti.

"Shikamoo baba. Mie naitwa Shamimu, natokea Keko. Namuulizia Mama Auleria. Alhamisi hii hajaja, na simu yake haipatikani."

Baba akamwambia. Binti akakaa chini palepale, akalia kutushinda sisi wenye msiba. Alipotulia ndipo tukajua beseni lilikuwa la nini. Kwa miaka miwili ulikuwa ukimwosha baba yake miguu na kumkata kucha, kwa sababu ana sukari, haoni vizuri, na hawezi kuinama.

"Baba yako nani?" Baba akauliza.

"Mzee Mbwana, fundi seremala."

Baba akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wasiojua tuwaeleze. Zamani tuliishi Keko, mtaa mmoja na Mzee Mbwana. Miaka ishirini na mbili iliyopita mkewe, Mwanaasha, alifariki akijifungua katika wodi ulimokuwa zamu. Damu ilikataa kukata. Ulimshika mkono mpaka mwisho, ukampokea mtoto aliyebaki, ambaye ndiye huyu Shamimu. Mzee Mbwana, kwa uchungu wake, akatangaza mtaa mzima kwamba nesi Auleria ndiye aliyemuua mkewe. Watu wakaacha kuitikia salamu zako. Sisi tulipigwa mawe tukitoka shule. Mwisho tukahama, na jina lake halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Sasa tunajiuliza, ulianzaje? Nani alikwambia anaumwa? Ulisimamaje mlangoni kwake? Tunayojua ni yale ya Shamimu tu. Alhamisi ya kwanza mzee alikugeuzia mgongo. Ulitia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, ukakaa kwenye kigoda mpaka yakapoa, ukayamwaga, ukaaga. Ya pili, vilevile. Ya tatu akatoa mguu mmoja. Katikati ya vidole ukakuta kidonda ambacho hata mwenyewe hakuwa na habari nacho. Ukampeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari alisema angechelewa wiki moja tu, mguu ungekatwa.

Baba alikaa miezi minne bila kutaka kuyasikia hayo. Hakukukasirikia wewe, Mama. Alituambia, "Angeniambia ningemkataza. Alijua." Halafu Kwaresima ikaingia, na Alhamisi moja akavaa shati la kutokea, akamwambia Didas amsindikize Keko.

Wazee wale wawili walikaa muda mrefu wakizungumzia mbao. Mninga umeadimika, mkongo nao siku hizi hauna ubora. Didas alikuwa anakaribia kuaga, ndipo Mzee Mbwana akasema:

"Siku moja nilimuuliza mkeo, Auleria, hujasahau niliyokusema? Akanijibu, sijasahau, lete mguu wa pili."

Baba akacheka mpaka akatoa machozi, maana ndivyo ulivyokuwa. Mzee hakucheka. Alimwomba Baba radhi, na Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alitoka kwa mkongojo wake akasimama katikati ya mtaa wetu wa zamani. Wale wanaokukumbuka bado wapo. Akawaambia kwamba alikusingizia, na kwamba alijua hivyo tangu siku ile mkewe alipofariki. Shamimu alikuwa amemshika mkono.

Tungependa ungesikia. Tungependa zaidi kujua kama ulikuwa ukingoja kusikia, au ulishaacha kungoja kabla hujabisha hodi.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi hii saa moja asubuhi parokiani kwetu, kisha chai nyumbani. Mzee Mbwana na bintiye watakuja kwenye chai. Jana tulipokuwa tunapanga viti tulimuuliza Baba tumkalishe mzee wapi.

"Hapa," alisema Baba, akigusa kiti cha pembeni yake. "Pale alipokuwa anakaa Mama yenu."

Unakumbukwa na mumeo Polikarpo, wanao Didas na Bupe, mkweo Isack, mjukuu wako Blessing, wanakwaya wenzako, na Shamimu, aliyeomba jina lake liandikwe pamoja na ya wanao. Tumeliandika.

Hatutachoka kukukumbuka, Mama, wala kukuuliza.