Samaki wa Bosi na Kiyeyusho Salama

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa.

Leo hapa maabara Bosi kawaonyesha wageni kile kiyeyusho chetu cha ayoni, ile chumvi ya majimaji tunayoyeyushia kemikali. "Hakinuki, hakiruki hewani kama petroli, kwa hiyo hakidhuru mazingira." KWA HIYO! Sumu ngapi hazinuki?

Akainamisha chupa amimine. Kizito kama asali, hakitoki. Anatikisa, anatabasamu, jasho linamtiririka.

Mama mmoja mgeni akauliza kwa upole, "Kikimwagika mtoni je?"

"Hakuna neno, mama!" Huyoo na chupa yake hadi kwenye tangi la samaki, wale anaowaita "wanangu". Eti awaonyeshe!

Mimi, ninayeona haya hata kuomba chumvi mezani, nikapiga kelele: "Bosi, usimwage! Kitawaua, na hakiozi, kitabaki humo humo!"

Bosi akanigeukia.

"Binti, unanifundisha kazi?"

Yule mama akamwambia, "Basi mwaga, baba."

Hakumwaga. Mwenzangu, HAKUMWAGA! Mkono umeganda juu ya maji, tone nene linaning'inia mdomoni mwa chupa.

Akalifuta kwa tai yake.

Sasa ameniita ofisini. Akinifukuza, samaki ni mashahidi wangu. Wazima wote.